Hedifoni za Bei Ghali: Ubaki Nazo au Uzirudishe? Amua Kabla Siku Hazijaisha

Siku ya kwanza ulifurahi. Ulifungua boksi polepole, ukapiga picha, ukaweka status. Siku ya tatu, taa zikiwa zimezimwa, swali likaanza kukusumbua: kwani nilikuwa na haraka gani? Shilingi 45,000 ni kodi ya nyumba. Ni karo ya mtoto. Na pale juu ya meza kuna hedifoni zisizo na waya, nzuri kweli, lakini je, ni za kukaa nazo?

Wateja wengi hutupigia wakati huo ukiwa umeshapita. Wanauliza kama tunaweza kuwarudishia pesa walizolipa dukani wiki tatu zilizopita, kwa sababu kile kifaa hawakitumii. Mara nyingi jibu letu haliwafurahishi. Ndiyo maana leo tunataka kukusaidia uamue mapema, wakati bado uko na nafasi ya kuchagua. Tutatumia hedifoni kama mfano, lakini hesabu ni ile ile hata kama ulinunua spika, saa ya kisasa au simu.

Swali si "Je, ni nzuri?"

Hedifoni za bei ghali karibu zote ni nzuri. Ukiuliza kama ni nzuri utajibiwa ndiyo, na utabaki pale pale ulipokuwa. Swali linalosaidia ni hili: kama leo ungekuwa na hizo pesa mkononi, na hedifoni bado ziko dukani, ungezinunua tena?

Watu wengi husema, "Nishalipa, wacha nikae nazo tu." Hapo ndipo mtego ulipo. Maadamu siku za kurudisha bidhaa hazijaisha, pesa zako hazijapotea, unaweza kuzipata. Siku ya mwisho ikishapita, mambo hubadilika. Hedifoni ulizolipia 45,000 sasa zimekuwa za mtu wa pili, na yeyote anayezitaka atataka apunguziwe. Ukimpata wa kukupa 30,000, basi kuchelewa kuamua kumekugharimu 15,000.

Hatua ya 1: Angalia kalenda

Kabla hujapima sauti, tafuta risiti na usome masharti ya duka. Unatafuta majibu ya maswali manne:

- Una siku ngapi za kurudisha, na zinahesabiwa kuanzia siku uliyolipa au siku uliyopokea mzigo?
- Je, duka hukubali bidhaa iliyofunguliwa, au ni ile tu ambayo bado imefungwa?
- Ukirudisha, unapewa pesa, au unapewa tu salio la kununua kitu kingine dukani humo?
- Nani analipa gharama ya kusafirisha mzigo kurudi?

Kama ni zile ndogo za kuingiza ndani ya sikio, uliza kabisa kabla ya kufungua. Maduka mengi huzikataa zikishavaliwa, kwa sababu za usafi. Zile kubwa za kufunika sikio zina nafasi nzuri kidogo.

Andika tarehe ya mwisho kwenye simu na uweke kengele siku mbili kabla. Boksi, waya wa kuchaji, kijitabu na zile nailoni, weka vyote mahali pamoja. Usitupe hata karatasi.

Jua pia tofauti kati ya kubadilisha nia na kuuziwa kitu kibovu. Ukiwa umenunua mwenyewe dukani halafu umebadilisha nia, kwa kawaida unategemea masharti ya duka. Lakini kama hedifoni zina kasoro, sheria iko upande wako. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Kuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Kwa hivyo bango la "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" lisikutishe kama upande mmoja hautoi sauti tangu siku ya kwanza. Rudi dukani mapema, na ubebe risiti.

Hatua ya 2: Zijaribu pale unapoishi, sio kitandani

Kosa la kawaida ni kuzijaribu usiku nyumbani, mahali pametulia, na wimbo unaoupenda. Hapo kila kitu husikika vizuri. Zipeleke mahali ulipopanga kuzitumia, kwa siku tatu hivi, na uzishike kwa mikono safi ili zisipate alama.

Kelele. Sehemu kubwa ya bei unayolipa ni ile teknolojia ya kuzima kelele. Maikrofoni ndogo husikiliza kelele za nje, kisha hedifoni hutengeneza mawimbi ya sauti yaliyo kinyume, na hayo mawili yanauana. Inafanya kazi vizuri zaidi kwa sauti nzito isiyobadilika: injini ya matatu, feni, jenereta, ndege. Kwa sauti za ghafla na za juu, nguvu yake hupungua: honi, mtoto analia, makanga anaita abiria, majirani wanabishana. Kama kelele inayokusumbua ni injini ya basi ya kwenda Rongai, utaona tofauti kubwa. Kama ni mazungumzo ya wenzako ofisini, utayasikia kwa mbali bado.

Kichwa chako. Vaa kwa saa mbili mfululizo bila kuvua. Uzito unatofautiana sana: Sony WH-1000XM5 zina gramu 250 hivi, na AirPods Max zinafika karibu gramu 385. Dukani huwezi kuhisi tofauti hiyo, lakini ukifika saa ya pili shingo itakwambia. Kama unavaa miwani, hijabu, wigi au umesuka nywele nene, angalia kama ule mto unakaa vizuri kuzunguka sikio. Pakiwa na upenyo hata mdogo, kelele inaingia na besi inapungua, na hapo umelipia kitu ambacho hukipati.

Simu yako. Baadhi ya sifa zilizoandikwa kwenye boksi hutegemea simu uliyo nayo. Kwa mfano, LDAC, mfumo wa Sony wa kusafirisha muziki mwingi zaidi kupitia Bluetooth, unapatikana kwenye simu nyingi za Android kuanzia toleo la 8 la mwaka 2017, lakini iPhone haiutumii. Na hata kama simu yako inao, kama unasikiliza muziki wa mtandaoni kwa kiwango cha chini ili kuokoa bando, hedifoni haziwezi kurudisha sauti ambayo haikutumwa. Hebu jiulize, je, uko tayari kutumia bando zaidi kila mwezi ili kufaidi hedifoni?

Kupiga simu. Hapa wengi hushangaa. Unapopokea simu, Bluetooth ya kawaida huacha ule mfumo wa muziki na kuhamia mfumo wa mazungumzo, ambao sauti yake ni nyembamba zaidi. Kama ulizinunua kwa ajili ya mikutano ya mtandaoni au kazi ya kuhudumia wateja, mpigie rafiki ukiwa barabarani na umuulize anakusikiaje. Yeye ndiye atakupa jibu la kweli.

Betri. Sony WH-1000XM5 hutangazwa kwa saa 30 ukiwa umewasha kuzima kelele, Bose QuietComfort Ultra za mwaka 2023 kwa saa 24, na AirPods Max kwa saa 20. Kwa mtu anayechaji kila usiku, tofauti hiyo si kitu. Cha kujali zaidi ni kwamba betri za lithiamu huchoka kadiri miaka inavyokwenda. Uliza sasa, kabla siku hazijaisha: betri ikichoka, nani hapa Kenya ataibadilisha, na ile mito ya masikio ikipasuka, mingine inapatikana?

Uhalisi. Unganisha hedifoni na programu rasmi ya kampuni iliyozitengeneza. Bandia nyingi hukwama hapo. Programu ikikataa kuzitambua, usingoje. Hilo sasa si jambo la kubadilisha nia. Umeuziwa kitu ambacho sicho ulichoambiwa.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya saa

Sasa tuingie kwa pesa. Bei kwenye risiti haikwambii kama kitu ni ghali kwako. Kinachokwambia ni bei kwa kila saa utakayokitumia.

Tuseme unatoka Rongai kwenda mjini na kurudi, siku tano kwa wiki, na unavaa hedifoni saa mbili na nusu kwa siku. Hiyo ni saa 12 na nusu kwa wiki. Kwa wiki 50 ni saa 625 kwa mwaka. Zikidumu miaka mitatu, ni saa 1,875. Gawanya 45,000 kwa 1,875, unapata shilingi 24 kwa saa.

Tuseme pia kuna nyingine za shilingi 4,500 ambazo zitadumu mwaka mmoja na nusu kabla hazijavunjika. Hizo ni kama shilingi 4.80 kwa saa. Tofauti ni shilingi 19 na senti 20 kwa saa. Kwa wiki moja ya saa 12 na nusu, tofauti hiyo ni shilingi 240.

Swali limekuwa dogo sasa, na unaweza kulijibu: je, kila Ijumaa ungetoa shilingi 240 ili usafiri kwa utulivu zaidi wiki nzima? Kuna mtu atasema ndiyo bila kufikiri, kwa sababu anafika nyumbani bila kuumwa na kichwa, au anasomea masomo yake ya jioni ndani ya basi. Mwingine atasema, hiyo si ni mboga ya siku mbili? Wote wako sawa. Muhimu ni kwamba kila mmoja ameshajua anacholipia.

Sasa geuza mfano. Unafanya kazi karibu na nyumbani, na unazivaa saa tatu tu kwa wiki. Kwa miaka mitatu ni saa 450. Hizo hizo hedifoni zimefika shilingi 100 kwa saa. Bidhaa ni moja, lakini maisha ni tofauti.

Usitumie saa unazotamani kuzitumia. Tumia saa ulizozitumia kweli katika zile siku tatu za majaribio. Wengi wetu hununua tukifikiria mtu tutakayekuwa: atakayeamka saa kumi na moja kukimbia, atakayesikiliza vitabu. Hesabia mtu uliye leo.

Kama ulinunua kwa kulipa polepole

Hapa hesabu inahitaji uangalifu. Tuseme bei ya taslimu ilikuwa 45,000, lakini ulitoa malipo ya kwanza ya 15,000 na ukakubali kulipa 5,800 kila mwezi kwa miezi sita. Malipo ya miezi sita ni 34,800. Jumla ni 49,800. Hedifoni zako si za 45,000 tena, na ile shilingi 24 kwa saa imekuwa karibu 27.

La pili ni mwezi wenyewe. Angalia tarehe ambayo 5,800 itatoka, na uangalie ni kitu gani kingine kinatoka wiki hiyo. Kama ni wiki ya kodi, au shule zinafunguliwa, jiulize ni kipi kitasubiri. Kama jibu ni kwamba utakopa mahali pengine ili kulipa hilo deni, tunakushauri kama rafiki: zirudishe. Hakuna utulivu wa masikio utakaofunika mawazo ya madeni mawili.

Hatua ya 4: Ukiamua kurudisha, pesa hurudije?

Hapa ndipo tunapopokea maswali mengi zaidi, kwa hivyo soma polepole.

Kubatilisha muamala si sawa na kurudishiwa pesa za bidhaa. Huduma ya kubatilisha iliwekwa kwa pesa zilizotumwa kimakosa, kwa mfano umekosea nambari moja. Ukilipa duka sawasawa, ukapokea mzigo, halafu ukaomba muamala ubatilishwe, hilo si kosa la muamala. Ni jambo kati yako na muuzaji. Ukijaribu njia hiyo utachelewa, na siku zako za kurudisha bidhaa zinaendelea kuhesabiwa.

Fuata utaratibu huu:

1. Tafuta ule ujumbe wa uthibitisho wa siku uliyolipa. Nakili nambari ya muamala, tarehe, kiasi, na jina la duka kama lilivyoonekana kwenye ujumbe. Kama uliufuta, pakua taarifa ya miamala yako kwenye programu.
2. Mwandikie muuzaji, usipige simu peke yake. Mwambie unarudisha nini na kwa nini, na umpe nambari ya muamala. Maandishi yatakusaidia baadaye.
3. Piga picha hedifoni, boksi na nambari ya kifaa kabla ya kuzikabidhi. Kama unatuma kwa boda boda au kwa kampuni ya kusafirisha mizigo, omba risiti.
4. Kubalianeni pesa zitarudi kwa nambari gani na lini. Njia salama ni nambari ile ile uliyolipia.
5. Pesa zikirudi, usiamini SMS peke yake. Angalia salio lako. Ujumbe wa uongo ni rahisi kutengeneza.

Kumbuka kwamba ada ya muamala wa kwanza na pesa za usafiri huenda zisirudi. Ziweke kwenye hesabu yako.

Kama ulinunua kwa kulipa polepole, kazi haijaisha duka likipokea boksi. Aliyekukopesha anaweza kuwa kampuni nyingine kabisa, na kwake wewe bado ni mdaiwa mpaka duka limjulishe. Omba ujumbe wa maandishi unaosema kwamba mkopo umefungwa na salio ni sifuri. Usiache tu kulipa ukidhani mambo yamekwisha. Deni linaloonekana halijalipwa linaweza kukufikisha CRB, na kusafisha jina huchukua muda kuliko kuomba ujumbe mmoja.

Jihadhari na "mtu wa refandi"

Ukishaandika malalamiko yako mahali pa wazi mtandaoni, usishangae mtu akikupigia. Atakuita kwa jina, atataja hedifoni, atasema anatoka dukani au anatoka kwetu, na pesa zako ziko tayari. Halafu ataomba PIN, au atakwambia ubonyeze nambari fulani kwenye simu, au utume "ada ndogo ya kufungua malipo."

Shika neno moja: kupokea pesa hakuhitaji PIN. Ukiulizwa PIN, kuna pesa zinatoka kwako, hakuna zinazoingia. Kata simu, kisha wewe mwenyewe upige nambari ya duka iliyo kwenye risiti. Sisi hatutakuuliza PIN yako, hata siku moja.

Ukiamua kubaki nazo

Basi zifurahie, bila kujilaumu. Lakini fanya mambo machache wiki hii. Sajili waranti, na upige picha risiti, maana karatasi hufifia. Weka kengele ya mwezi mmoja kabla ya waranti kwisha, ili kasoro yoyote uiripoti mapema.

Punguza sauti pia. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wasizidi wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ndani ya matatu yenye kelele, mtu hupandisha sauti bila kujua ili aizidi injini. Hedifoni zinazozima kelele zikikuwezesha kusikiliza kwa sauti ya chini, hiyo ni faida ya kweli, na ina haki ya kuingia kwenye hesabu yako.

Ukishuka, zivue kabla ya kuvuka barabara. Boda boda usiyoisikia haitakusikia wewe pia. Na ukikaa dirishani kwenye msongamano wa jioni, funga dirisha, kwa sababu kitu cha 45,000 kichwani kinaonekana kutoka mbali.

Kwa kifupi

Soma masharti leo. Zijaribu siku tatu pale unapozihitaji. Gawanya bei kwa saa unazozitumia kweli. Halafu jiulize kama ungezinunua tena. Ukijibu ndiyo, sajili waranti. Ukijibu hapana, zirudishe boksini kesho asubuhi, na uanze na ule ujumbe wa uthibitisho.

Una swali kuhusu muamala wako? Tupigie kupitia laini ya huduma kwa wateja au tuandikie ndani ya programu. Uwe na nambari ya muamala karibu, tutakusaidia haraka zaidi.